Kiti cha Tawi la Mkunazi

Nilipompigia mama simu kumwomba majani ya mkunazi wa uani, kitu cha kwanza alichouliza ni nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni ya kazi."

"Kazi gani hiyo ya majani ya maiti?"

Kwetu Tanga mkunazi una kazi mbili zinazojulikana na kila mtu. Watoto hula kunazi zake mpaka meno yakafa ganzi, na wakubwa hutwanga majani yake kuoshea maiti. Ukionekana unachuma majani kapu zima, majirani huanza kuuliza msiba uko nyumba ipi. Nikamweleza mama nilivyoweza, kwamba hapa Johannesburg, chuoni ninakosomea, nalinganisha mikunazi ya aina tatu. Mmoja ni huo wetu. Wa pili ni mkunazi mwitu wa huku, wa miba mikali, ambao Wazulu wanauita umphafa. Wa tatu ni kijimkunazi cha nyasini, kichaka kisichofika gotini, ambacho ukikiona huwezi kudhani kina ukoo na mti wowote. Lakini ni ndugu. Ukigeuza majani yao yote utaona mishipa mitatu ileile ikianzia kwenye kikonyo. Nilitaka kujua kila ndugu amebeba nini kwenye majani yake: nani ana dawa ya kutuliza uvimbe, nani ana ile ya kukausha kidonda, nani ana povu jingi kuliko mwenzake.

"Umesoma miaka yote hiyo ili upime povu la mkunazi," mama akasema. "Ungeniuliza mimi."

Hata hivyo kazi aliifanya. Aliyachuma majani asubuhi umande ulipokwisha, akayaanika kwenye ungo kivulini kama nilivyomwagiza, akawa anayageuza na kuwafukuza mbuzi wa jirani. Profesa wangu alishughulikia kibali cha kuyaingiza nchini, na mzigo ukaja kwa posta. Ndani ya mfuko, juu ya majani, mama alikuwa ameweka kanga ambayo sikuiomba. Maandishi yake yalisema: Nyumba njema si mlango. Nilicheka, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto. Nilidhani mama amechukua tu iliyokuwa karibu dukani.

Sasa lazima niseme habari ya chumba changu, maana bila chumba hicho nisingekuwa na la kuandika. Naishi Rosettenville, uani kwa Mreno mmoja mzee, kwenye chumba kilichogawanywa kati kwa pazia la maua ya zambarau. Upande wa dirisha ni wangu. Upande wa mlango ni wa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwanamke wa rika langu, mcha Mungu, anayeimba nyimbo za kanisani kwake huku anashona. Ili nifike kitandani kwangu lazima nipite kwake. Ili yeye apate mwanga wa kutungia uzi lazima nifungue pazia. Tumezoeana, na sina ninalomlaumu. Posho ya chuo ni ndogo na nusu yake huenda Tanga.

Lakini mama hakujua habari ya pazia. Mama alikuwa na picha zangu za maabara: mimi na koti jeupe, mimi na mashine ya kutenganisha kemikali, mimi nimeshika mrija juu kwenye mwanga. Alizionyesha mtaa mzima wa Ngamiani, mpaka muuza maandazi akawa ananiulizia kwa cheo cha daktari. Kila tulipopiga simu ya picha nilikaa na mgongo ukutani, pembe ambayo pazia halionekani, na kabla ya hapo nilimwomba jirani yangu asimamishe cherehani kidogo. Naye alisimamisha, hakuuliza kwa nini.

"Hebu zungusha simu nione unapokaa," mama alikuwa akisema.

"Mtandao mbovu, mama, itakatika."

"Basi siku moja nitakuja mwenyewe nione."

"Inshallah."

Nilikuwa naona haya. Si haya ya chumba tu, bali pia haya ya kuona haya, kwa kuwa mama mwenyewe alitulea watoto watano kwenye chumba kimoja na ukumbi na hakuwahi kumficha mgeni. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha pazia, na simu za nyumbani zikawa fupi kwa sababu nisingeweza kukaa pembe ile kwa muda mrefu shingo isiniume.

Mama akaugua. Wakati huo kibali changu cha kuishi kilikuwa kimekwisha na nimeomba kingine, na wote tunaoishi hapa tunajua maana yake: ukitoka kabla ya kupata jibu, huenda usiruhusiwe kurudi. Mdogo wangu, aliyekuwa akimuuguza, ndiye aliyesema nisije. "Dada, ukija utapoteza vyote, na mama atapona," alisema. Mama naye akasema nisije. Wote waliniruhusu. Nadhani wangenigombeza ningejisikia nafuu.

Akafariki alfajiri, akazikwa baada ya alasiri. Mimi nilipata habari nikiwa njiani kwenda kazini, na kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kwenda, nikaendelea kwenda. Siku ile ratiba yangu ilikuwa kipimo cha povu. Ni kipimo rahisi mno, nusura nione haya kukiita sayansi. Unachukua unga wa majani, unauchemsha kidogo, unachuja, unatia maji yake kwenye mrija, unaziba mdomo na kutikisa kwa nguvu, kisha unausimamisha na kuangalia povu linakaa urefu gani. Kinacholeta povu ni saponini, ndugu yake sabuni. Nilitikisa mirija ya umphafa, nikatikisa ya kijimkunazi cha nyasini, nikatikisa ya mkunazi wa uani kwetu. Simu ikaingia ujumbe wa mdogo wangu. Aliandika kwamba wamechuma majani ya mti uleule, wanawake wanatwanga, mama anaoshwa sasa hivi.

Nilisimama na mrija mkononi nikitazama povu linavyoshuka. Mti ni mmoja. Mtoto wa kwanza wa kike, ambaye desturi ilimtaka awe pale na kitambaa na kopo la maji, alikuwa nchi ya mbali akipima povu kwa rula.

Jioni wanawake wa kwetu walikuja Rosettenville kunipa pole, wa Tanga, wa Dar es Salaam na Unguja, wenye maduka Fordsburg na wanaouza nguo mjini. Sijui nani aliwaambia. Wakaingia kwenye nusu chumba changu wakiwa na chupa za chai na sufuria ya wali, wakakosa pa kukaa, na jirani yangu wa Bukavu akalifungua pazia lote bila kuambiwa, akatoa cherehani yake nje na kuifunika plastiki. "Courage, ma sœur," akaniambia, yaani jipe moyo dada, akaenda kuosha vikombe. Wakasoma Yasini wakiwa wamekaa kwenye vitanda vya watu wawili wa dini mbili. Hakuna aliyetazama kuta.

Mmoja wao, mtu mzima, aliniuliza taratibu ni nani aliyemwosha mama.

"Mdogo wangu na mashangazi."

"Alhamdulillahi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akasema, na wenzake wakaitikia. Alikusudia kunifariji, kwamba mama ameoshwa na damu yake na siri zake ziko salama. Mimi niliinamisha kichwa. Mdogo wangu alizijua aibu za mama kwa sababu aliwahi pale akainua mkono wake na kumgeuza. Mimi mama hakunionyesha yake, wala mimi sikumwonyesha yangu.

Matanga yalipokwisha nikarudi kazini. Pale maabara sikumwambia mtu. Huku ukifiwa unapewa likizo, watu wanachanga, wanakuja nyumbani, na mimi nilijiona sina haki ya kuitwa mfiwa. Mfiwa gani asiyejua hata udongo wa kaburi ni wa mchanga au mfinyanzi? Tena msimu ulikuwa unakatika. Umphafa hupukutisha majani baridi ikikaza, na mavuno yangu ya mwisho yalikuwa hayajachumwa. Naishi karibu na vilima vya kusini, ambako tuna ruhusa ya kuchuma, kwa hiyo nikasema nitakwenda mwenyewe asubuhi na kuyapeleka chuoni.

Nilichuma majani yangu kwenye mifuko ya karatasi nikayatia begi la mgongoni. Kisha nikakata tawi moja zima, lenye majani na miba yake. Hilo ni la kielelezo: linakaushwa, linabandikwa kwenye karatasi ngumu na kuhifadhiwa, ili mtu mwingine akitilia shaka ulichopima aje aone ni mti gani hasa. Shina lililokatwa lilikuwa linatoa maji, nikalifunga kwa kitu cha kwanza nilichokipata begini, ile kanga ya mama, ambayo tangu msiba nilikuwa natembea nayo. Nilikuwa nimevaa buibui. Macho yalikuwa yamevimba, maana kule kilimani hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Nikashuka barabarani, nikanyanyua kidole cha shahada, alama ya kwenda mjini, na taxi, ndiyo daladala ya huku, ikasimama.

Nilikaa safu ya pili, nikaliweka tawi kwenye kiti cha kando ili miba isimchome mtu. Katika kituo kilichofuata mwanamke mwenye mifuko ya ununuzi akapanda, akaja kukaa pale, akaliona tawi, akarudi nyuma. Hakusema "samahani," wala hakunisonya kama watu wa jiji hili wanavyojua kusonya. Alipita kimya akaenda kubanana na wengine safu ya nyuma. Kijana mmoja akavua kofia. Dereva, ambaye muziki wake ulikuwa unatetemesha vioo, akanitazama kwenye kioo chake, akatazama tawi, akazima redio.

Nikadhani nimefanya kosa. Hapa ukiwa mgeni, kila watu wanaponyamaza unafikiri ni kwa ajili yako. Nikaanza kutafuta nauli ya viti viwili, nilipe kiti cha tawi yaishe. Lakini mzee aliyekaa nyuma yangu, mwenye koti la zamani la ulinzi, alikuwa amekwisha kuipeleka mbele pesa yake, akigusa bega la aliye mbele kama wafanyavyo.

"Yangu," akasema kwa Kizulu, "na ya huyo aliye na binti hapo."

Nikageuka kuangalia ni nani aliye nami. Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwenye tasnifu yangu nina jedwali la matumizi ya kila mkunazi. Mbele ya umphafa nilikuwa nimeandika: hutumika katika mila za mazishi. Nilisoma mahali kwamba mtu akifia mbali, mzee wa familia huenda na tawi la umphafa mahali alipofia, akamwita, na roho ikafuata tawi mpaka nyumbani. Njiani anayelibeba hazungumzi na mtu mwingine. Tawi hulipiwa kiti chake, kwa sababu aliye pale ni abiria. Mambo yote hayo nilikuwa nimeyafupisha yakawa maneno machache kwenye safu ya mwisho, baada ya saponini na tanini, ile dawa ya kukausha kidonda, na nikajiona nimemaliza.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kusema kwamba ni majani ya maabara, kwamba mimi ni mwanafunzi, kwamba mrudishieni mzee nauli yake. Uso ulinichoma kwa haya. Nikisema, nawaaibisha watu wote waliomo, pamoja na yule mama aliyebanana nyuma na mifuko yake. Nisiposema, nakula heshima ya maiti ambayo sikuileta. Nikanyamaza. Na kwa kuwa mbebaji wa tawi anatakiwa kunyamaza, kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo walivyozidi kuamini.

Tulifika kwenye robot ya kwanza, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, ikawa nyekundu. Mzee akasogea mbele kidogo. Hakunigusa. Aliongea Kizulu na Kiingereza, taratibu, labda kwa kuona buibui langu akajua si mtu wa hapa.

"Binti yangu, hatukusumbui. Lakini naona humwambii njia."

Nikalivuta tawi karibu nami.

"Lazima umwambie. Mnapovuka mto, mwambie. Mnapokata kona, mwambie. Hii Joburg, binti yangu, hata walio hai wanapotea. Ni nani wako?"

Hapo ningeweza kusema kweli ya tawi, na badala yake nikasema kweli nyingine.

"Ni mama yangu."

Nilisikia wanawake wa nyuma wakivuta pumzi. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi zungumza naye. Kwa lugha yake. Sisi hatusikilizi."

Nilisoma madrasa, najua kuzungumza na tawi la mti kunaitwaje, na nilimwomba Mungu msamaha kabla sijaanza na baada ya kumaliza. Lakini robot ikawa kijani, taxi ikaondoka, na mimi nikajikuta nimeinamia miba nasema kwa sauti ya chini, Kiswahili cha kwetu kile ambacho huku sikitumii kwa sababu kila mtu ana Kiswahili chake.

"Mama, hapa panaitwa Turffontein. Ule uwanja ni wa farasi kushindana mbio, watu wanacheza kamari, usiniulize zaidi. Hapa ndipo ninaponunua mkaa wa kujipasha moto baridi ikizidi. Bei ni mbaya, najua. Yule pale anauza mahindi ya kuchoma lakini hajui kuyachoma."

Mama angeuliza bei ya kila kitu, kwa hiyo nikamtajia bei ya kila kitu.

"Ile milima ya manjano si milima, mama. Ni mchanga uliotolewa chini ya ardhi na watu wanaotafuta dhahabu. Upepo ukivuma unaingia machoni na kwenye chakula. Sasa tunapita chini ya barabara kuu. Usiogope, ni giza kidogo tu. Haya, tumetoka. Kule kushoto ni Fordsburg, wamejaa Waislamu, adhana utaisikia, na huko ndiko wanakokaa wale wanawake walionisomea Yasini. Huku mbele ni Newtown. Nikishuka hapo navuka daraja kwa miguu kwenda chuoni, hata mvua ikinyesha. Nilikuambia kuna basi la chuo. Lipo, lakini halipiti ninakokaa."

Nilisikia nilichokisema. Ninakokaa. Nilikuwa nimemwonyesha mama jiji zima, na kwangu tulipapita mwanzo kabisa nikiwa nimefunga mdomo. Taxi ilikuwa imepita kona ya mtaa wangu Rosettenville, nikakiona kitenge cha jirani yangu kwenye kamba, nikaangalia upande wa pili. Hata kwa tawi nilikuwa nimeona haya.

Mwisho wa safari hakuna aliyeshuka kabla yangu. Dereva, ambaye kwa kawaida hukushusha gari likiwa bado linatembea, alizima injini akasubiri. Nikamgeukia mzee nikamwambia asante, na yeye akaweka kidole mdomoni kunikumbusha kwamba sitakiwi kuzungumza naye.

Chuoni mwenzangu wa maabara alikuwa peke yake, anapanga chini ya taa vibao vyetu vya kioo vya kutenganishia kemikali. Ni mwanamke wa Soweto, hodari, mcheshi, anayeweza kusoma madoa ya kemikali kutoka upande wa pili wa chumba. Aliponiona mlangoni mikono ikamshuka.

"Sisi," akaniita, yaani dada, "umekuja na hiyo kwenye taxi? Mkononi, wazi hivyo?"

"Ndiyo."

"Eish." Akaanza kucheka akaziba mdomo. "Hatuibebi hivyo. Tunaitia mfukoni. Watu watadhani umebeba mtu."

"Walidhani."

"Ukawaambia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya mama, siku ya povu, na kwamba nilikuwa nimesimama pale pale aliposimama yeye. Alivua glavu zake polepole. Sasa hakukuwa na kicheko, na kulikuwa na hasira kidogo usoni, ya mtu aliyenyimwa nafasi ya kukupa pole. "Nilikuwa hapa siku nzima," akasema. "Nilikuazima rula."

Tukafanya kazi. Tulichambua majani ya mifukoni, tukayatandaza kwenye trei. Kisha likabaki tawi. Nikachukua lebo niandike namba yake ya kielelezo.

"Usiandike," akasema. "Kielelezo tutakata kingine. Mimi mwenyewe nitakwenda."

"Ni tawi tu, na mimi ni Mwislamu, na mama yangu hakufia huku. Kila kitu kimekosewa."

"Mimi sijui dini yenu. Najua umemwita mama yako mbele ya watu, na mzee wa watu amemlipia. Huwezi kumwacha hapa." Akaonyesha mashine ya kusagia, trei, taa ya zambarau. "Hapa si kwake. Ungekuwa umemfikisha wapi?"

Akaligeuza tawi kwenye mwanga akanionyesha miba, ambayo mimi niliijua kwa milimita. Inaota miwilimiwili, mmoja umenyooka, mwingine umejikunja. Bibi yake, akasema, alimfundisha kwamba ulionyooka unatazama unakokwenda na uliopinda unashika ulikotoka. Sikubishana naye. Mkunazi wa uani kwetu una miba hiyohiyo, na kwenye jedwali langu nimeiandika pamoja kama alama ya ukoo.

Jioni nikapanda taxi ya kurudi kusini nikiwa nimelikumbatia tawi ndani ya kanga. Safari hii nililipa viti viwili mwenyewe. Watu walinyamaza tena, na mimi sikutaka tena kuwaeleza lolote. Nilimwambia mama njia yote kinyumenyume, na tulipokaribia kona yetu sikuangalia upande wa pili. Nilisema, "Hapa, mama. Hapa ndipo tunaposhuka."

Nikapita geti la Mreno, nikapita kamba ya nguo na bomba linalovuja. Mlango ulikuwa wazi na cherehani inanguruma. Nikasimama kizingitini. Mpaka hapo ilikuwa rahisi. Sikuwahi kumwingiza mtu wa kwetu ndani ya chumba kile kwa hiari yangu. Wale wa msiba waliingia wenyewe.

"Mama, hiki ndicho chumba," nikasema. "Huu upande si wangu, ni wa mwenzangu, yeye anashona. Mimi nakaa nyuma ya pazia. Ndiyo maana sikuzungusha simu."

Cherehani ikanyamaza. Jirani yangu aliinua kichwa, akanitazama nilivyosimama na mzigo wangu wa miba, anatafuta simu sikioni kwangu asiione.

"Dada, uko unasema na nani?"

"Na mama yangu," nikasema.

Alilitazama tawi, akaitazama kanga. Akasimama, akakung'uta vipande vya uzi kwenye sketi yake kama afanyavyo akiingia mteja wa heshima, akashika pazia la zambarau na kulivuta lote mpaka ukutani, chumba kikawa kimoja.

"Karibu, mama," akasema. "Ingia mu nyumba."